Jinsi ya Kuichambua Makala ya Utafiti wa Kisayansi: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Chanjo ya Malaria

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi huwa ninaketi na kikundi kidogo cha wanafunzi wa shahada za juu, wauguzi na waandishi wa habari wawili watatu, tukaisoma makala moja ya utafiti tangu jina lake hadi kiambatisho cha mwisho. Kosa linalojirudia ni lile lile. Msomaji hufungua makala, husoma ikisiri (ule muhtasari wa mwanzoni), huokota asilimia moja iliyomvutia, kisha huruka hadi hitimisho na kulibeba kama lilivyo. Akiulizwa asilimia hiyo ni ya nini, ikilinganishwa na nani, na kwa muda gani, hunyamaza.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya ukimya huo. Mfano wangu mkuu ni jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililofanyika katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, vikiwamo Bagamoyo na Korogwe kwa Tanzania, na Kilifi, Siaya na Kombewa kwa Kenya. Nimelichagua kwa sababu limezaa makala zenye tarakimu zinazoonekana kupingana. Makala ya 2011 katika New England Journal of Medicine ilitoa ufanisi (yaani kiasi ambacho malaria ilipungua ikilinganishwa na wasiopata chanjo hiyo) wa 55.8% kwa watoto waliokuwa na umri wa miezi 5 hadi 17, ilhali makala ya 2015 katika Lancet ilitoa 36.3% na 28.3% kwa watoto wa rika hilo hilo. Wengi katika kikundi hukimbilia kusema kwamba kuna aliyedanganya. Hakuna aliyedanganya, na ukifika Hatua ya 6 utaweza kueleza tofauti hiyo mwenyewe.

Vitu vya kuandaa

Makala kamili. Ikisiri haitoshi, na habari ya gazetini haitoshi hata kidogo. Makala zote mbili nilizozitaja zinasomeka bure mtandaoni. Kwa makala zinazolipiwa, muulize mkutubi wa chuo au hospitali yako kuhusu Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaozipatia taasisi za nchi zenye kipato cha chini majarida ya kitabibu bure au kwa bei ndogo.

Viambatisho vyote. Huko ndiko majedwali marefu yanakofichwa, na mara nyingi ndiko madhara ya dawa yanakoorodheshwa moja moja.

Rekodi ya usajili, ikiwa utafiti ni jaribio la kitabibu. Majaribio husajiliwa kwenye daftari la wazi kama ClinicalTrials.gov au lile la Afrika liitwalo PACTR. Jaribio letu lina namba NCT00866619.

Daftari, kalamu za rangi mbili, kikokotoo cha simu, na saa mbili au tatu tulivu. Ukishapakua kila kitu, iweke simu katika hali ya ndege. Kikokotoo kitaendelea kufanya kazi.

Huhitaji shahada ya takwimu. Hesabu utakazofanya hapa ni za kutoa na kugawanya.

Hatua ya 1: Hakikisha makala bado ina uhai

Kabla hujatumia saa mbili, tumia dakika mbili. Fungua ukurasa wa makala kwenye tovuti ya jarida lenyewe na uangalie kama kuna tangazo la kusahihishwa au kufutwa, kisha uangalie tena kwenye PubMed, orodha ya mtandaoni ya makala za kitabibu, ambako makala iliyofutwa huwekewa alama inayoonekana wazi.

Sababu ya hatua hii ni kwamba makala iliyofutwa huendelea kuzunguka katika makundi ya WhatsApp kana kwamba hakuna kilichotokea. Tarehe 22 Mei 2020 Lancet ilichapisha makala kuhusu dawa ya hydroxychloroquine kwa wagonjwa wa Uviko-19, iliyodai kutumia kumbukumbu za wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671 za mabara sita. Wasomaji makini walihoji jinsi takwimu nyingi hivyo zilivyopatikana kwa haraka, zikiwamo za Afrika, ambako hospitali nyingi bado huandika taarifa za wagonjwa kwenye mafaili ya karatasi. Kampuni iliyomiliki takwimu hizo ilikataa kuwapa wakaguzi huru, na makala ikafutwa tarehe 4 Juni. Siku 13 tu zilipita, lakini katikati yake Shirika la Afya Duniani lilikuwa limesimamisha kwa muda utoaji wa dawa hiyo katika jaribio lake.

Tahadhari: kupitiwa na wataalamu kabla ya kuchapishwa kunapunguza makosa bila kuyamaliza. Wapitiaji huwa hawapewi daftari ghafi la takwimu.

Hatua ya 2: Andika swali la utafiti kwa sentensi yako

Ruka ikisiri. Nenda kwenye sehemu ya mbinu, isome, kisha ufunge makala na uandike sentensi moja yenye mambo matano: ni nani waliochunguzwa, walipewa nini, walilinganishwa na nani, kitu gani kilihesabiwa, na kwa muda gani.

Kwa makala ya 2011, sentensi ya mwanakikundi mmoja ilikuwa hivi: "Watoto 6,000 wa kwanza wenye umri wa miezi 5 hadi 17 walipewa dozi tatu za RTS,S au za chanjo nyingine isiyohusu malaria, wakafuatiliwa kwa miezi 12 baada ya dozi ya tatu, na kilichohesabiwa ni mara ya kwanza mtoto kuugua malaria." Sentensi hiyo haina uzuri wowote, na haihitaji kuwa nao. Inatosha kwamba kila neno lake linaweza kuonyeshwa kwa kidole ndani ya makala.

Ninasisitiza kuiruka ikisiri kwa sababu ikisiri imeandikwa na mtu anayetaka usome makala yake. Ukianza nayo, kila utakachokisoma baadaye utakisoma kwa kutafuta kile ulichokwisha kuambiwa.

Ukikwama kwenye jambo lolote kati ya hayo matano, andika alama ya kuuliza na uendelee. Alama za kuuliza zikibaki mbili au zaidi hadi mwisho wa makala, kasoro huenda ni ya makala na si yako.

Hatua ya 3: Tambua aina ya utafiti, hasa kama kuna kundi la kulinganisha

Jiulize kwanza: je, watafiti waliamua nani apate nini, au waliangalia tu yaliyotokea yenyewe? Walioamua kwa kura wamefanya jaribio la nasibu. Walioangalia tu wamefanya uchunguzi, na uchunguzi unaweza kuonyesha kwamba mambo mawili yanaandamana bila kuthibitisha kwamba moja linaleta jingine.

Mfano mzuri kuliko yote niujuao kuhusu thamani ya kundi la kulinganisha ulitoka katika hospitali sita za Kenya, Tanzania na Uganda. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake haizunguki vizuri aongezewe maji mengi kwa haraka kupitia mshipa. Hoja yake ilieleweka na miongozo iliiunga mkono. Jaribio lililojulikana kama FEAST, lililochapishwa 2011, liliwagawa watoto 3,141 kwa nasibu katika makundi matatu. Ndani ya saa 48, waliofariki walikuwa 111 kati ya 1,050 waliopewa maji ya albumini (protini ya damu) kwa kasi, 110 kati ya 1,047 waliopewa maji ya chumvi kwa kasi, na 76 kati ya 1,044 ambao hawakuongezewa maji kwa kasi.

Chukua kikokotoo: 10.6%, 10.5% na 7.3%. Sasa mfikirie daktari asiye na kundi la tatu. Angewapa watoto 100 maji kwa kasi, angeona 89 wako hai baada ya siku mbili, na angerudi nyumbani akiyashukuru maji. Ambacho kingemfumbua macho ni lile kundi la mwisho peke yake.

Baada ya hapo, tafuta ni nani walioachwa nje ya utafiti. Katika FEAST, watoto wenye kuhara na kutapika sana na wale wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa. Msomaji anayepita juu ya mstari huo anaweza kutoka na somo la hatari kwamba mtoto mwenye kipindupindu asiongezewe maji, jambo ambalo jaribio halikulichunguza wala kulisema.

Utajua umefaulu katika hatua hii utakapoweza kumwambia mwenzako, bila kutazama makala, matokeo haya yanamhusu nani na hayamhusu nani.

Hatua ya 4: Chunguza wenzao walipewa nini

Katika jaribio la RTS,S, watoto wa rika la miezi 5 hadi 17 waliokuwa kwenye kundi la kulinganisha walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa. Wasomaji wapya hushangaa: chanjo ya mbwa inahusiana nini na malaria? Haihusiani, na ndiyo sababu ilichaguliwa. Kila mtoto alichomwa sindano, mzazi hakujua ni ipi, na aliyepima homa ya mtoto hakujua pia. Mtoto naye hakutoka mikono mitupu, maana alipata kinga dhidi ya ugonjwa mwingine.

Angalia pia yale ambayo makundi yote mawili yalipata. Watoto wengi wa jaribio hili walilala ndani ya vyandarua vyenye dawa, na walikuwa karibu na vituo vya afya vilivyoandaliwa. Kwa hiyo ufanisi uliopimwa ni ule unaoongezeka juu ya chandarua na huduma nzuri. Ukiuchukua na kuupeleka katika kijiji ambacho zahanati yake iko mwendo wa nusu siku, unaupeleka mahali ambapo haukupimwa.

Hatua ya 5: Tafuta maana ya neno kuu

Neno "malaria" katika mazungumzo ya nyumbani ni homa yoyote ya jioni. Katika makala hizi, mtoto alihesabiwa kuwa na malaria pale tu alipoletwa kituoni akiwa mgonjwa, joto la kwapani likiwa nyuzi 37.5 au zaidi, na damu yake ikiwa na vimelea zaidi ya 5,000 kwa kila milimita moja ya ujazo.

Soma tena masharti hayo polepole. Mtoto ambaye mama yake alinunua dawa dukani hakuhesabiwa. Mwenye vimelea 3,000 na homa hakuhesabiwa pia. Watafiti wana sababu nzuri ya kuweka kizingiti, kwa kuwa katika maeneo yenye malaria nyingi mtoto anaweza kubeba vimelea vichache huku homa yake ikitokana na kitu kingine. Hata hivyo kizingiti ni uamuzi, na wewe msomaji unatakiwa kukijua.

Iandike maana hiyo kwa rangi ya pili ya kalamu pembeni ya sentensi yako ya Hatua ya 2.

Hatua ya 6: Zifanyie tarakimu hesabu kwa mkono wako

Hapa ndipo wengi huanguka, nami nitakaa hapa kwa muda.

Chora jedwali dogo la safu nne: muda, kilichohesabiwa, waliohesabiwa, na idadi ya dozi. Kila asilimia utakayokutana nayo iingize humo kabla hujaitafakari. Tarakimu za RTS,S kwa watoto wa miezi 5 hadi 17 zitajipanga hivi.

Asilimia 55.8 inahusu miezi 12 baada ya dozi ya tatu. Kilichohesabiwa ni mara ya kwanza kuugua. Waliohesabiwa ni watoto waliofuata utaratibu wa jaribio kikamilifu, na dozi ni tatu.

Asilimia 50.4, iliyo katika makala hiyo hiyo, inahusu miezi 14 tangu dozi ya kwanza, na inawahesabu hata watoto ambao hawakukamilisha utaratibu. Napenda kuianzia hii, kwa kuwa katika maisha halisi kuna mama atakayesafiri kwenda msibani na kukosa siku ya chanjo.

Asilimia 36.3 inahusu kipindi chote hadi mwisho wa jaribio, takriban miezi 48 kwa mtoto wa katikati ya orodha. Zilihesabiwa mara zote za kuugua, siyo ya kwanza tu, kwa watoto waliopata dozi tatu na ya nne katika mwezi wa 20.

Asilimia 28.3 inahusu kipindi hicho hicho na kuugua kote, lakini kwa watoto waliopata dozi tatu bila ya nne.

Jedwali likishajaa, ule ugomvi wa tarakimu unaisha wenyewe. Kinga ilikuwa kubwa mwanzoni, ikapungua kadiri miezi ilivyokwenda, na dozi ya nne ikarudisha sehemu yake. Kila asilimia ilijibu swali lake.

Sasa rudia hesabu moja wewe mwenyewe. Makala ya 2011 inasema kwamba katika kundi la chanjo kulikuwa na matukio 0.32 ya kuugua mara ya kwanza kwa kila mtoto kwa mwaka, na katika kundi jingine 0.55. Gawanya 0.32 kwa 0.55, utapata takriban 0.58. Toa katika 1, utapata 0.42, yaani 42%. Lakini makala inasema 50.4%.

Mara ya kwanza nilipofanya hesabu hii mbele ya kikundi nilidhani nimebonyeza vibaya, nikarudia mara tatu huku wenzangu wakinitazama. Jibu limo katika sehemu ya mbinu: ufanisi haukukokotolewa kwa kugawanya viwango hivyo viwili. Watafiti walitumia mfumo wa takwimu uitwao wa Cox, unaofuata jinsi watoto wanavyougua mmoja baada ya mwingine kadiri muda unavyokwenda, na unaomlinganisha mtoto wa Siaya na mwenzake wa Siaya, na wa Kilifi na mwenzake wa Kilifi, badala ya kuwachanganya watoto wa maeneo yenye malaria nyingi na wa maeneo yenye malaria chache. Hakuna hila hapo. Hata hivyo msomaji aliyefanya hesabu anajua sasa jambo ambalo msomaji wa ikisiri halijui, kwamba 50.4% ni zao la mfumo fulani, na kwamba hesabu ya kawaida inatoa tarakimu ndogo zaidi.

Kisha geuza asilimia kuwa idadi ya watu. Toa 0.32 katika 0.55, utapata 0.23. Maana yake ni kwamba kwa kila watoto 100 waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja, matukio 23 ya kuugua mara ya kwanza yalipungua. Asilimia ya ufanisi inaweza kuwa ile ile mahali penye malaria nyingi na mahali penye malaria chache, lakini idadi ya watoto wanaonusurika itatofautiana sana. Mpangaji wa wilaya anahitaji idadi hiyo.

Tarakimu moja ya 2015 huwachanganya karibu wote: kwa kila watoto 1,000 waliopata dozi nne, matukio 1,774 ya malaria yalizuiwa. Inawezekanaje kuzuia matukio 1,774 kwa watoto 1,000? Mtoto mmoja anaweza kuugua mara tatu kwa mwaka, na jaribio lilidumu karibu miaka minne. Kinachohesabiwa ni matukio. Ukikuta tarakimu isiyoingia akilini, usiiruke. Mara nyingi imebeba ufunguo wa jinsi watafiti walivyohesabu.

Tahadhari: mwandishi wa habari au mtangazaji wa bidhaa hupenda asilimia ya ulinganisho kwa sababu huonekana kubwa. Kitu kikipunguza hatari kutoka watu wawili hadi mtu mmoja kati ya 10,000, kimeipunguza kwa 50%, na bado ni mtu mmoja tu kati ya 10,000 aliyenufaika.

Hatua ya 7: Soma masafa, usisome tarakimu ya katikati peke yake

Kando ya kila matokeo kuna mabano yenye tarakimu mbili, ya chini na ya juu, kwa kawaida yakitajwa kuwa ya 95%. Yachukulie kama upana wa majibu ambayo takwimu hizi bado zinayaruhusu. Masafa yakiwa membamba, watafiti wana uhakika mkubwa zaidi. Yakiwa mapana, bado wanapapasa.

Tazama matokeo ya 2015 kuhusu malaria kali, ile inayomlaza mtoto hospitali. Kwa dozi nne ufanisi ulikuwa 32.2%, masafa yakianzia 13.7 hadi 46.9. Hata tukichukua upande wa chini, kuna kinga. Kwa dozi tatu bila ya nne ufanisi ulikuwa 1.1%, masafa yakianzia hasi 23.0 hadi 20.5. Masafa hayo yanavuka sifuri, maana yake takwimu zinaruhusu kinga ya moja ya tano, zinaruhusu kutokuwapo kwa kinga, na zinaruhusu hata madhara.

Wengi wakiona hivyo huandika "chanjo haifanyi kazi". Hapana. Iliyo sahihi ni kwamba, kwa kipindi chote cha ufuatiliaji, ulinganisho huu haukuonyesha kinga dhidi ya malaria kali kwa wasiopata dozi ya nne. Ukiingia ndani ya majedwali utaona kwamba watoto hao walikingwa vizuri miezi ya mwanzo, kisha wakaugua zaidi baadaye, na jumla ikarudi karibu na sifuri. Kwa mama na kwa mhudumu wa kliniki, hilo lina maana moja ya vitendo: mtoto arudishwe kwa dozi ya nne.

Kuhusu thamani ya p nitakuwa mfupi. Ikiwa chini ya 0.05, inakuambia kwamba matokeo ya namna hiyo yasingetarajiwa mara nyingi kwa bahati tu. Haikuambii kama athari ni kubwa, wala kama ina faida kwa mgonjwa.

Hatua ya 8: Tafuta madhara kwa bidii ile ile

Katika makala ya 2015, homa ya uti wa mgongo iliripotiwa kwa watoto 11 waliopata dozi nne za RTS,S, watoto 10 waliopata dozi tatu, na mtoto 1 katika kundi la kulinganisha. Kila kundi lilikuwa na watoto wapatao 2,970.

Ukiunganisha makundi mawili ya chanjo unapata 21 kati ya takriban 5,950, yaani kama watatu na nusu kwa kila 1,000, dhidi ya theluthi ya mtoto kwa kila 1,000 upande wa pili. Tofauti hiyo inatisha. Kuna anayeitupa chanjo nzima kwa sababu yake, na kuna anayeifukia chini ya zulia. Wewe uliza mambo matatu: je, madhara haya yalitarajiwa kabla ya jaribio? Je, yanafuatana na siku ya sindano, au yametawanyika? Je, yalionekana kwa watoto wengine waliopata chanjo hiyo hiyo?

Hayakutarajiwa. Matukio yalitawanyika kwa muda mrefu. Watoto wachanga wa wiki 6 hadi 12 katika jaribio hilo hilo hawakuonyesha tofauti kama hiyo. Majibu hayo yanaelekeza kwenye uwezekano wa bahati, ukiwamo uwezekano kwamba yule mmoja wa kundi la kulinganisha ndiye aliyekuwa pungufu isivyo kawaida. Hata hivyo hayafungi mjadala, na waliohusika hawakuufunga. Kuanzia 2019 chanjo ilitolewa kwa majaribio ya utekelezaji nchini Malawi, Ghana na Kenya, na homa ya uti wa mgongo ikiwa miongoni mwa mambo yaliyofuatiliwa. Baada ya watoto zaidi ya 800,000 kuchanjwa, ongezeko hilo halikuonekana, na tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo itumike kwa watoto wa maeneo yenye malaria ya kati hadi kubwa.

Umefaulu hatua hii ukiweza kuandika "ishara hii inahitaji kufuatiliwa" na kusimama hapo, bila kuusukuma uzito wa neno mbele wala nyuma.

Hatua ya 9: Nani alilipa, na walichoahidi ni walichofanya?

Jaribio la RTS,S lilifadhiliwa na GSK, ambao ndio watengenezaji wa chanjo, pamoja na PATH, shirika la afya lisilo la kibiashara, iliyopata fedha kutoka Bill & Melinda Gates Foundation, na miongoni mwa waandishi wamo waajiriwa wa GSK. Makala imeyasema hayo wazi. Ufadhili pekee haubatilishi utafiti, lakini unakupa sababu ya kukagua ngao zilizowekwa: je, kulikuwa na kamati huru ya kusimamia takwimu? Je, wapimaji walifichwa kundi la mtoto?

Kisha fungua rekodi ya usajili na ulinganishe kigezo kikuu kilichosajiliwa na kile kilichotangazwa. Watafiti wakisajili kwamba watapima vifo, halafu makala ikapiga vigelegele kuhusu siku za kulazwa, kuna jambo la kuhoji. Kwa tafiti zisizo majaribio mara nyingi hakuna usajili, na hapo huna budi kupunguza imani kidogo.

Hatua ya 10: Sasa soma mjadala na ikisiri, kisha andika hukumu yako

Mjadala wa waandishi umekuja mwishoni kwa makusudi. Usome ukiwa na daftari lako mbele yako, na uweke alama kila mahali wanaposema zaidi ya majedwali yao. Chunga hasa maneno yanayovuka kutoka kwa watoto waliochunguzwa hadi kwa "watoto wa Afrika" wote.

Hukumu iwe ya aya moja, isiyozidi sentensi sita, na iwe na kauli moja ya kukiri usichoweza kukisema. Hii hapa ya muuguzi wa kikundi chetu kuhusu makala ya 2015, nimeigusa kidogo tu:

"Jaribio la nasibu katika nchi saba linaonyesha kwamba dozi nne za RTS,S, zikianza mtoto akiwa na miezi 5 hadi 17, zilipunguza matukio ya malaria kwa 36.3% katika kipindi cha takriban miaka minne, kwa watoto waliokuwa na vyandarua na vituo vya afya vya karibu. Bila dozi ya nne ufanisi ulikuwa 28.3%, na kinga dhidi ya malaria kali haikuonekana kwa jumla. Kwa watoto walioanza wakiwa na wiki 6 hadi 12 matokeo yalikuwa dhaifu zaidi, 25.9% kwa dozi nne. Homa ya uti wa mgongo iliripotiwa zaidi kwa waliochanjwa, na makala hii peke yake haiwezi kusema kama ni bahati. Siwezi kusema kutokana na makala hii kama mama watarudi kwa dozi ya nne katika zahanati yangu."

Mpe mwenzako aya hiyo pamoja na makala, na umwombe atafute kila tarakimu ndani ya majedwali. Asipoipata hata moja, rudi Hatua ya 6 na daftari lako.